Sura ya Nne: Bunduki Bila Risasi ni Rungu

Ganda la risasi ya AK lina urefu wa milimita 39, halifiki hata kidole cha mwisho cha mtu mzima. Ligeuze utazame kitakoni. Katikati pana duara dogo lenye kovu pale pini ya bunduki ilipoligonga, na pembezoni mwake namba mbili tatu zilizochapwa kiwandani. Ndani ni jeusi kwa moshi. Kichwa kimekwenda zake, baruti imeungua, fataki iliyoiwasha imekufa. Kati ya vitu vinne vilivyounda risasi, kimesalia kimoja.

Marekani ganda kama hili, likiwa la shaba, halitupwi. Wapenda shabaha hulibeba nyumbani, na aliyeanza juzi huanza kuwauliza waliomtangulia anunue nini: mashine ya mkono ya kufunga mezani, vibanio vya kulirudishia ganda umbo lake, mizani ya baruti, kipimo cha urefu, kitabu cha mwongozo. Watabishana kama aanze na mashine inayofanya ganda moja baada ya jingine au ile inayozungusha kadhaa kwa mkupuo, na wengi watamshauri aanze na ya moja moja, maana akikosea ataona alipokosea. Baruti na fataki zipo dukani. Raia wa kawaida anajitengenezea risasi gereji kwake, na sheria haimsumbui.

Kenya mambo ni mengine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyoanza kutumika enzi za ukoloni mwaka 1954, imeliweka jambo la kutengeneza risasi mikononi mwa waliosajiliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu wa Garissa, huko Kaskazini Mashariki, awe na leseni au asiwe nayo, hana mashine ya kuchagua. Lakini sheria peke yake haielezi kila kitu. Kaskazini Mashariki ni eneo ambalo bunduki haramu zimeishi miaka mia moja na zaidi bila kuomba ruhusa ya mtu, na bado desturi ya kujaza risasi nyumbani haikuota mizizi. Mfugaji anayejua kuifungua AK na kuifunga tena gizani hajui kulijaza ganda, wala hajishughulishi kujua. Kwa nini?

Jibu la swali hilo ndilo linalobeba sura hii. Bunduki huzeeka polepole, hurithiwa, huzikwa mchangani na kufukuliwa. Risasi hufa siku inapolia. Na kwa kuwa haizaliwi nyumbani, kila risasi iliyolia Wajir, Mandera au Garissa ilitoka kiwandani, na kuna mtu aliyeitoa ghalani. Anayetaka kujua vita vya kaskazini vinalishwa na nani aache kwanza kuhesabu bunduki, aifuate risasi.

Enzi za gobori

Palikuwa na wakati ambapo kila mwenye bunduki Afrika Mashariki alikuwa pia kiwanda chake mwenyewe. Gobori hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kizibo, kisha gololi au vipande vya chuma, vikashindiliwa kwa mdeki. Msasi alibeba baruti yake kwenye pembe, na risasi aliziyeyusha na kuzimimina mwenyewe. Mhunzi wa kijijini aliweza kuziba ufa, kubadilisha kitako, hata kutengeneza gobori zima. Tanzania Bara wahunzi hao hawajaisha. Magobori yao bado yanakamatwa na kusalimishwa vituoni.

Zanzibar ndiyo iliyokuwa bandari ya biashara hiyo. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Wazungu hawakutishwa sana na magobori. Walichokihofia ni bunduki mpya za kujazwa kwa nyuma, zinazotumia risasi kamili yenye ganda la chuma. Ndiyo maana Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mikunjo ndani ya mtutu. Kwa lugha ya wazi: Mwafrika abaki na gobori.

Ila hiyo risasi kamili ilileta jambo ambalo hata waliouandika mkataba huo huenda hawakulipima sawasawa. Mwenye gobori hakumhitaji mtu zaidi ya mhunzi wake. Mwenye bunduki ya kisasa alihitaji kiwanda kilichoko Birmingham, Liège au Tula, na njia ya kuufikia mzigo wake. Silaha ilikuwa kali zaidi, na mwenyewe akawa mtegemezi zaidi. Ng'ambo ya Moyale, nchini Ethiopia, risasi ikawa adimu na ya thamani hata watu wakaitumia sokoni kama chenji, pamoja na mabamba ya chumvi.

Upande wetu wa mpaka somo hilo lilifika Serenli, kwenye mto Juba, wakati Jubaland ingali sehemu ya himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Februari 1916 Waauliyahan, ukoo wa Wasomali, wakiongozwa na Abdurrahman Mursaal waliivamia kambi ya serikali, wakamuua afisa wake, Luteni Francis Elliott, na kuondoka na silaha zilizokuwamo, bunduki ya Maxim ikiwa mojawapo. Serikali ilitetereka, ikajiondoa hata Wajir kwa muda. Lakini Maxim humeza mkanda wa risasi kwa muda mfupi tu, na mkanda ule hautoki jangwani. Waingereza walirudi wakiwa na reli, meli na maghala nyuma yao. Waliowapinga walikuwa na kile walichokiteka. Mwisho wa mchezo kama huo unajulikana kabla haujaanza.

Ganda lisilotaka kurudi

Turudi kwenye ganda letu tuone kwa nini fundi wa Garissa halihangaikii. Sababu ya kwanza imo ndani yake. Katika karne ya 19 wanajeshi wawili walibuni fataki za aina mbili karibu wakati mmoja: Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani. Ajabu ni kwamba kila nchi ilipenda zaidi kazi ya mgeni. Marekani ikakumbatia ya Boxer, nazo Ulaya na Urusi zikaifuata ya Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo fataki iliyokufa husukumwa nje kwa kijiti kimoja. La Berdan lina vitundu viwili vidogo vya pembeni, na kijiti hicho hakina pa kupita. Hobi ya Wamarekani imesimama juu ya tundu lile moja.

Risasi nyingi za AK zilizoenea Pembe ya Afrika ni za aina ya Berdan, tena maganda yake ni ya chuma kilichopakwa rangi, yaliyokusudiwa kutumika mara moja na kutupwa. Chuma hakinyumbuki kama shaba. Ukikikunja na kukikunjua kinapasuka. Viwanda vya Urusi na China havikumtengenezea mlenga shabaha wa Jumapili. Vililitengenezea jeshi, na jeshi haliokoti maganda vitani.

Sababu ya pili ni bei. Mtu hujaza ganda pale risasi mpya inapokuwa ghali au adimu na muda wake mwenyewe ni rahisi. Kaskazini Mashariki kwa miaka thelathini na zaidi risasi imekuwa ikipanda na kushuka bei kufuatana na vita vya Somalia, lakini haijaadimika kiasi cha mtu kuketi chini kuisuka upya. Ya nini kuhangaika na baruti ambayo huna, ilhali ng'ambo ya mpaka pale Liboi kuna mkebe haujafunguliwa?

Mikebe iliyovuka mpaka

Kila kizazi cha mpakani kimeletewa bunduki na vita vya watu wengine. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza ya Jenerali Cunningham yalivuka mto Tana, yakapita Garissa na kuingia Somalia ya Waitaliano. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari. Waitaliano waliposhindwa, bunduki zao zilibaki zimetapakaa, zikaingia mikononi mwa wafugaji. Zilikuwa za milimita 6.5, nayo risasi ya Mwingereza ya .303 haikuingia humo. Akiba iliyookotwa ikiisha, mwenye bunduki ya Mtaliano alibaki na kipande cha mti na chuma. Ile .303 yenyewe, ambayo watu wa kaskazini wanaijua zaidi kwa bunduki yake ya Mark 4, iliishi miaka mingi kwa sababu moja tu: serikali iliendelea kuwapa risasi zake askari wa akiba.

Ndipo ikaja miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ya Kenyatta ilitangaza hali ya hatari katika eneo hili. Vita vilikoma baada ya makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini hali ya hatari iliendelea kuwabana watu hadi mwaka 1991. Mwaka huohuo, mwezi Januari, rais wa Somalia, Siad Barre, alikimbia Mogadishu. Wananchi wa Kaskazini Mashariki waliondolewa amri iliyowafanya washukiwa nchini mwao, na mwaka huohuo mpaka wao ukafurika silaha.

Barre alikuwa amejenga mojawapo ya majeshi makubwa ya Afrika, kwanza kwa silaha za Urusi, na baada ya vita vya Ogaden vya 1977–78 kwa misaada ya upande wa pili. Maghala yalipovunjwa, hazikutoka bunduki peke yake. Risasi za kijeshi hufungwa katika mikebe ya bati iliyozibwa isiingize hewa, mikebe nayo ikapangwa ndani ya maboksi ya mbao. Mkebe kama huo ukikaa mahali pakavu hudumu miongo kadhaa, na pakavu pa kuushinda mpaka wa Kenya na Somalia si pengi. Wakimbizi walipofunguliwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera huko Dadaab, walikuwa wakiikimbia mikebe hiyo. Walanguzi wakaifuata njia ileile waliyopita.

Iliyochapwa Eldoret

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukailaumu Somalia. Kitako cha ganda hakituruhusu.

Kenya ina kiwanda chake cha risasi. Shirika la Kenya Ordnance Factories Corporation liliundwa mwaka 1997, na kiwanda chake cha Eldoret kilijengwa kwa utaalamu wa kampuni ya FN ya Ubelgiji. Herufi KOFC huchapwa kitakoni mwa risasi zake. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini, upande wa pili wa ukanda huuhuu wa wafugaji. Watafiti walikusanya risasi, wakasoma vitako. Walichokuta ni kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria eneo lile zilitokana na polisi wa Kenya wenyewe, wakiwapa wafugaji wapate kujilinda dhidi ya jirani wa ng'ambo ya mpaka. Risasi iliyotolewa kwa nia ya ulinzi ilikuwa imeingia sokoni na kwenye uvamizi wa mifugo.

Mlango unaopitishia risasi hizo unafahamika hata Garissa. Ni askari wa akiba, waliokuwa wakiitwa Kenya Police Reserve tangu 1948, na baada ya sheria ya polisi ya mwaka 2011 wakawa National Police Reserve. Ni wenyeji, kwa muda mrefu wamefanya kazi bila mshahara, wanapewa bunduki na risasi za kuhesabu ili walinde kijiji, kisima na mifugo. Serikali imewapa silaha, ikawanyang'anya, ikawarudishia, kufuatana na hali ya usalama.

Chukua mfano wa askari wa aina hiyo aliyerudi kutoka malishoni. Afisa kituoni anafungua daftari.

“Ulipewa ngapi?”

“Ishirini, afande.”

“Hapa naona kumi na nne.”

“Sita zimelia usiku wa fisi. Maganda matatu haya hapa. Mengine yalipotelea mchangani, wallahi.”

Huenda anasema kweli kabisa. Ganda lililorukia vichakani usiku halipatikani kirahisi. Huenda pia tatu ziliuzwa kununua sukari, kwa kuwa askari huyo ana watoto na hana mshahara. Afisa hana njia ya kujua. Ataandika “zimetumika”, na daftari litafungwa. Uvujaji mkubwa hauhitaji mlanguzi wa lori. Madaftari ya namna hiyo yanatosha, yakiwa mengi.

Anayeanza kihalali

Raia wa Garissa anayetaka bunduki kihalali hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, na swali la vifaa vya kuanzia kwake lina jibu fupi. Atahitaji kasha la chuma lenye kufuli, lililofungwa imara ukutani au sakafuni. Atahitaji brashi na mafuta ya kusafishia mtutu, vizuia sauti vya masikio, na mafunzo kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika. Risasi atanunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, kwa kiasi ambacho hati yake inaruhusu, na ununuzi huo utaandikwa. Ukaguzi mpya wa wenye leseni ulioanza Desemba 2018 uliwakumbusha wengi kwamba hati si urithi. Hukaguliwa na huweza kuondolewa.

Mtu wa Garissa aliyejulikana zaidi kwa bastola yenye leseni ni Abdul Haji. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia duka la Westgate jijini Nairobi, alipata ujumbe wa ndugu yake aliyekuwa amenaswa ndani, akaenda na bastola yake, akaungana na raia wengine wenye silaha na polisi kuwatoa watu. Baba yake, Yusuf Haji, alikuwa Waziri wa Ulinzi majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwaka 2011, na baadaye Seneta wa Garissa. Alipofariki mwaka 2021, kiti hicho kilimwendea Abdul. Kisa cha Westgate husimuliwa kwa ushujaa wake, na ushujaa upo. Katika sura hii kinatufaa kwa jambo la kawaida zaidi: bastola ile ilikuwa na jina la mtu nyuma yake, na vilevile risasi zake. Siku ya kuulizwa, yupo wa kujibu.

Kuhesabu kusikotosha

Serikali zimehangaika na upande wa bunduki zaidi, wakati mwingine kwa ukatili usiosahaulika. Februari 1984, kwa madai ya kuupokonya ukoo wa Wadegodia silaha, wanajeshi waliwakusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakawatesa na kuwaua. Serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema waliouawa walikaribia elfu moja. Operesheni hiyo haikuwaondolea watu wa Wajir silaha. Iliwafundisha kwamba anayesalimisha bunduki kwa serikali anaweza kuuawa akiwa hana bunduki.

Kazi iliyozaa matunda ilianzia kwa watu wenyewe. Mwaka 1993 wanawake wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianza kuzungumza sokoni na kuwasukuma wazee wakae kitako. Azimio la amani la Al-Fatah likafuata mwaka huo, Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir mwaka 1995, na Azimio la Modogashe mwaka 2001, lililoziweka jamii za Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo chini ya masharti ya pamoja kuhusu malisho, wizi wa mifugo na silaha haramu. Wazee walielewa kwamba kijana hafyatui risasi bure. Kila risasi inaweza kuudai ukoo wake ngamia 100 kwa maisha ya mwanamume na 50 kwa mwanamke kwa mujibu wa desturi ya Kisomali. Risasi ikishapewa mwenyewe, na mwenyewe akawa na ukoo utakaolipa, hulia mara chache.

Juhudi za kimataifa zimefuata njia ya bunduki. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo na kituo cha kikanda cha kudhibiti silaha hizo, RECSA, chenye makao jijini Nairobi zimesaidia nchi za eneo hili kuchapa alama kwenye bunduki za serikali. Mnamo Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Ni nyingi kuzitazama zikiwaka. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki kati ya 530,000 na 680,000. Kwa kasi ya Ngong, hata kama hakuna mpya inayoingia, moto kama ule ungepaswa kuwashwa zaidi ya mara mia.

Risasi ina njia fupi zaidi, na imeshajaribiwa kwingine. Sheria ya Brazil ya mwaka 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama ziwe na namba ya shehena kwenye ganda lenyewe. Mwanasiasa Marielle Franco alipouawa Rio de Janeiro mwaka 2018, maganda yaliyookotwa pale yalisomwa, yakaonyesha kuwa ni ya shehena iliyouzwa kwa Polisi wa Shirikisho mwaka 2006. Alama hiyo haikumtaja muuaji. Ililitaja ghala, na ghala lina wakuu wake.

Kwa kawaida ganda la risasi ya kijeshi hutaja kiwanda na mwaka tu. Namba ya shehena huwa kwenye boksi, na boksi likishafunguliwa ushahidi umetupwa pamoja nalo. Kiwanda cha Eldoret ni mali ya umma, na mteja wake mkubwa ni serikali iliyo na kiwanda hicho. Kuongeza alama chache kitakoni, kila kaunti na namba yake, hakuhitaji mkataba wa Umoja wa Mataifa wala operesheni nyingine ya kijeshi. Na kuwaagiza polisi wakusanye maganda kila mahali watu walipopigana, wayaandike, wayatangaze kwa kamati za amani, kunahitaji kalamu na mifuko ya plastiki. Siku ganda lililookotwa kisimani litakapotaja ghala lililolitoa, mazungumzo ya wazee yatakuwa na mgeni mpya ambaye kwa muda mrefu hakuwa akialikwa: afisa aliyeandika “zimetumika”.